Simu ya Karani, Seva ya Ushirika: Kuyajibu Madai Yanayoharibu Mifumo Yetu

Mkulima wa kahawa wa Mathira au Mukurwe-ini, kule Nyeri, akishapima kahawa yake mbivu kiwandani, hungoja miezi kabla ya kulipwa. Kahawa imenywe, ichachushwe, ioshwe, ianikwe, ipelekwe kukobolewa, iuzwe mnadani Nairobi, ndipo hesabu irudi kijijini. Muda wote huo hana kahawa wala hana pesa. Alicho nacho ni rekodi: jina lake, nambari ya uanachama, tarehe na kilo. Rekodi ikikosewa, kahawa haiwezi kurudishwa kwenye mizani.

Kwa sababu hiyo nalichukulia kwa uzito mkubwa swali ambalo wanaprogramu wengi hulijadili kama suala la kupenda hiki au kile. Programu ya wavuti ina pande mbili. Upo upande wa mtumiaji, yaani kivinjari kilicho kwenye simu au kompyuta yake, na upo upande wa seva, kompyuta iliyo mbali inayotunza hifadhidata na kujibu maombi. Kuunda ukurasa, kukagua fomu, kujumlisha kilo, kuamua nani aone nini: kila moja ya kazi hizi yaweza kufanyiwa huku au kule. Huko Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya na Embu, vijana waliosomea Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Chuo Kikuu cha Karatina au cha Kirinyaga wanajengea mifumo vyama vya ushirika, vyama vya akiba na mikopo, shule, zahanati na maduka ya pembejeo. Mifumo hiyo huja na madai, na mengine yamerudiwa mno hata yakageuka sheria. Nayajibu hapa kwa sababu anayelipia makosa yake si yule anayeyasema.

“Kuunda kurasa kwenye seva ni mambo ya zamani”

Dai hili lina chanzo cha kweli. Brendan Eich alipotunga JavaScript mwaka 1995 huko Netscape, ilikuwa lugha ndogo ya kuchangamsha kurasa. Gmail ya 2004 na Google Maps ya 2005 zilionyesha kwamba ukurasa waweza kubadilika mbele ya macho bila kupakiwa upya. Kisha zikaja zana za kujengea kurasa kwenye kivinjari, AngularJS mwaka 2010 na React mwaka 2013. Aliyejifunza kazi hii baada ya hapo mara nyingi alifundishwa njia moja tu: seva itoe data, na kivinjari kifanye yote mengine. Ni rahisi kwake kuamini kwamba safari nzima ya teknolojia inaelekea huko.

Lakini tazama waliotangulia kwenda. Septemba 2010 Twitter iliihamishia kazi ya kuunda kurasa kwenye kivinjari. Mei 2012 iliirudisha kwenye seva, na wahandisi wake wakaeleza kwamba muda wa mtumiaji kuuona ujumbe wa kwanza ulishuka hadi sehemu moja ya tano ya ule wa awali. Next.js ilitolewa 2016 ili kurasa za React ziweze kuundwa kwenye seva, na baadaye watengenezaji wa React wenyewe wakaleta vijenzi vinavyotekelezwa kwenye seva peke yake. Waliouanzisha mtindo wa kivinjari ndio waliorudi kuichukua seva.

Na kwetu Kenya mfano mkubwa kuliko yote uko mfukoni. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, orodha ya huduma zake ilikaa ndani ya laini ya simu. Simu ndiyo iliyouliza nambari, kiasi na PIN, ikavifunga kwa usimbaji na kuvituma. Salio halikuwahi kukaa kwenye simu hata siku moja. Lilikuwa kwenye seva, ambazo zilikuwa Ulaya kabla ya kuhamishiwa Kenya mwaka 2015. Mgawanyo huo ulifanywa kwa busara: maswali yaulizwe karibu na kidole, pesa zihesabiwe mahali pamoja. Siku hizi ukibonyeza *334#, hata maswali yenyewe yanatoka upande wa mitambo ya kampuni, na simu inaonyesha maandishi tu. Mama mwenye kabambe pale Gakindu anatumia mfumo ulioegemea seva kabisa, na unamfaa kwa sababu simu yake haiwezi kuendesha kingine. Anayeuita wa kizamani afikirie kwanza ni watu wangapi angewaacha nje.

Opera Mini nayo iliwaingiza Wakenya wengi kwenye intaneti kwa njia hiyohiyo. Tangu 2006 ilikuwa ikiufungua ukurasa kwenye seva za kampuni hiyo, ikaubana, kisha ikautuma simuni ukiwa mwepesi. Wanafunzi wa chuo walisoma magazeti na barua pepe kwa simu ambazo zisingeweza kuubeba ukurasa mzima zenyewe.

“Simu za siku hizi zina nguvu, acha zifanye kazi”

Zina nguvu kwa mwenye kujenga. Mwanaprogramu hujaribia mfumo wake kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, ofisini, kwenye nyaya za faiba. Karani wa kiwanda ana simu ya Android ya bei ya chini, yenye gigabaiti moja au mbili za kumbukumbu, iliyojaa picha za harusi na video za WhatsApp. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ulioanzishwa Julai 2020 na Safaricom pamoja na Google, uliwafikishia wengi simu za aina hiyo kwa malipo ya kila siku. Ni jambo jema sana. Lakini simu hiyo ndiyo kipimo chetu, si ile ya mwanaprogramu.

Picha ya kilobaiti 500 ikishafika simuni hufunguliwa na kuonyeshwa. JavaScript ya kilobaiti 500 ikishafika ndipo kazi inapoanza: isomwe, igeuzwe kuwa maagizo ya mashine, itekelezwe, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hupita kwenye mkondo mmoja uleule unaopokea mguso wa kidole. Simu dhaifu ikishughulika na hayo, skrini huganda. Mtu akiona imeganda hubonyeza tena, na kitufe cha “Tuma” kilichobonyezwa mara mbili ni rekodi mbili za kilo zilezile ikiwa hakuna aliyejihadhari.

Kuna pia jambo la safari, ambalo halionekani mjini. Mfumo uliojengwa wote upande wa kivinjari hufunguka hivi: simu inaomba ukurasa, inaletewa ganda tupu, inaomba faili la JavaScript, faili likishaanza kufanya kazi linauliza seva “huyu ni nani?”; likijibiwa, linaomba orodha ya wanachama; likiipata, linaomba kilo za kila mmoja. Kila ombi linangoja lililotangulia. Tuseme safari moja ya kwenda na kurudi ni robo sekunde, kwa kuwa seva imekodishwa Ulaya. Safari tano ni sekunde moja na robo kabla ya mtu kuona jina hata moja, bila kuhesabu muda wa kupakua. Mtandao ukiwa dhaifu, kila safari yaweza kufika sekunde nzima au zaidi. Seva ingeyauliza maswali hayohayo ikiwa jirani ya hifadhidata, ambako kila jibu hurudi kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha ikatuma ukurasa uliokamilika kwa safari moja.

Ndugu zangu wanaprogramu, kabla ya kubishana kuhusu React ya kivinjari na PHP ya seva, ulizeni seva iko wapi. Nairobi ina vituo vya data, na pia ina KIXP, mahali ambapo kampuni za intaneti za Kenya hubadilishana data bila kuitoa nchini. Chama cha ushirika ambacho wanachama wake wote wako kati ya Karatina na Othaya hakina sababu kubwa ya kupitisha kilo zake chini ya bahari.

“Hosting ya kurasa tuli ni bure, kwa hivyo upande wa kivinjari ni nafuu”

Ni nafuu kwa chama, kwa mwezi wa kwanza. Faili huwekwa mahali pasipolipiwa, na hifadhidata hukodishwa kidogokidogo. Lakini kila mwanachama anayefungua ukurasa ule anaulipia kwa bando lake, na kila mara faili linapobadilishwa anapakua upya. Gharama haikuondoka, imetoka kwenye vitabu vya ushirika ikagawiwa watu elfu kadhaa ambao hawakuulizwa. Mhasibu haioni, na ndiyo maana hudhani haipo.

“Mtandao umefika kila mahali, basi seva pekee inatosha”

Hili husemwa na watu wa upande wa pili, wanaoipenda seva, na silikubali pia. Mkongo wa taifa wa faiba umefika makao ya kaunti, na mijini intaneti ni nzuri. Lakini eneo letu ni la migongo na mabonde. Kutoka Mlima Kenya wenye mita 5,199 upande mmoja na safu ya Nyandarua upande wa pili, maji yamechimba mabonde marefu, Gura, Chania, Sagana, Ragati, na viwanda vya kahawa vilijengwa chini, karibu na mito, kwa sababu kahawa huoshwa kwa maji mengi. Mawimbi ya simu hayapendi kushuka bondeni. Karani anaweza kuwa na 4G barabarani juu, akateremka mwendo mfupi hadi kiwandani, akakosa hata mstari mmoja.

Stima nazo hupotea, na hata seva na nyaya hushindwa. Usiku wa 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani. Mwezi mmoja kabla ya hapo eCitizen, yenye huduma za serikali zaidi ya 5,000, ilishambuliwa mtandaoni na watu wakakwama kwenye kaunta. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. TEAMS, waya mwingine wa baharini ambao haukuguswa, ulibeba sehemu ya mzigo. Mfumo unaohitaji jibu la seva ili karani aandike kilo 34 na nusu ni mfumo utakaosimamisha foleni ya wakulima waliobeba kahawa iliyochumwa leo, ambayo haiwezi kungoja kesho.

Kwa hiyo kazi ya mizanini lazima ikae kwenye simu ya karani, na hapa ndipo upande wa mtumiaji unapostahili sifa zake zote. Vivinjari vya leo vinaweza kuhifadhi programu yenyewe simuni ili ifunguke bila mtandao, na vina hifadhidata ndogo ya ndani, IndexedDB, inayotunza rekodi hadi mtandao urudi. Jambo hili si ndoto. Sensa ya Agosti 2019 ilifanywa kwa tabuleti zilizoundwa na vyuo vikuu vya Moi na JKUAT. Makarani waliandika majibu nyumba kwa nyumba, na data ikatumwa baadaye.

Nakaa hapa kidogo, kwa kuwa wengi husema “tutaifanya ifanye kazi bila mtandao” halafu wakaishia njiani. Kuandika simuni ni rahisi. Kazi iko kwenye kupeleka. Karani ameandika mapimo, mtandao umerudi, simu inatuma. Seva inapokea, inaandika, inajibu. Jibu linapotea njiani. Simu haijui kwamba pimo limeandikwa, inatuma tena. Bila kinga, mkulima mmoja ana kilo 69 badala ya 34 na nusu, na mwisho wa msimu hesabu ya kahawa iliyouzwa haitalingana na ile iliyopimwa. Kinga yake ni ya zamani na ni rahisi: simu ilipe kila pimo utambulisho wake wa pekee pale linapoandikwa, kabla halijatumwa, na hifadhidata ya seva ikatae kuandika utambulisho uleule mara mbili. Likija tena, seva ijibu tu “ninalo.” Na simu isifute chochote mpaka ipokee jibu hilo.

Halafu saa. Simu ya karani inaweza kuwa na tarehe ya jana. Iandikwe saa ya simu, na seva iandike yake ya kupokea, zote mbili zitunzwe. Kosa la kilo lisirekebishwe kwa kufuta. Liandikwe ingizo la marekebisho lenye jina la aliyelifanya, kama wahasibu walivyofanya daftarini miaka yote. Na kivinjari kinaweza kuifuta hifadhi ya ndani simu ikijaa, kwa hiyo programu iombe hifadhi ya kudumu na imwonyeshe karani, kwa maandishi makubwa, ni mapimo mangapi hayajafika ofisini. Karani akiona “12 bado” atajua kwamba siku haijaisha, atapanda barabarani penye mtandao kabla ya kwenda nyumbani.

Rejista nzima ya wanachama, pamoja na nambari za vitambulisho na za simu, isiwekwe kwenye simu hiyo. Jina na nambari ya uanachama vinatosha mizanini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayetunza data za watu achukue zile tu anazohitaji na azilinde, na simu iliyosahauliwa kwenye matatu ya Karatina ni njia fupi mno ya kuivunja.

“Fomu inakagua yenyewe, seva haina haja ya kurudia”

Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa kuwa linaumiza watu ambao hawatawahi kujua kilichowapata.

Kila kilicho kwenye kivinjari ni mali ya mwenye kivinjari. Chrome ina zana za wasanidi ndani yake. Mtu yeyote hubonyeza F12 na kuona kila faili lililotumwa, kila ombi na kila jibu. Anaweza kubadilisha kiasi kilichofichwa kwenye fomu, kukiamsha kitufe kilichozimwa, au kuiacha fomu kabisa na kutuma ombi lake moja kwa moja kwa seva. Ukaguzi wa kwenye fomu ni huduma kwa mtu mwema: unamwambia mapema kwamba nambari ya simu imepungua tarakimu moja. Dhidi ya mtu mwenye nia nyingine hauna nguvu yoyote. Riba ya mkopo ikikokotolewa kwenye kivinjari na kupokelewa na seva kama ilivyo, mkopaji ndiye anayejipangia riba.

Ndivyo ilivyo na ruhusa. Mwanachama nambari 1041 ameingia kwa nywila yake na anaona taarifa yake. Anabadilisha 1041 kuwa 1042 kwenye anwani. Seva ikimpa taarifa ya jirani, ulinzi wote ulikuwa wa kuficha viungo kwenye skrini. OWASP, wanaoorodhesha hatari kuu za programu za wavuti, waliiweka kasoro ya namna hii mahali pa kwanza katika orodha yao ya 2021. Dawa yake ni sharti moja linaloulizwa na seva kwa kila ombi: je, huyu aliyeingia anaruhusiwa kuiona rekodi hii?

Malipo ndiyo mahali pa kujifunza vizuri. Safaricom ilifungua Daraja, lango lake la wanaprogramu, mwaka 2017, na tangu hapo mwanaprogramu yeyote wa Nanyuki au Chuka anaweza kuunganisha mfumo wake na M-Pesa. Ombi la STK, yaani la kumletea mteja dirisha la malipo simuni, huenda hivi. Mfumo wako unajitambulisha kwa funguo zako za siri na kuomba simu fulani iulizwe shilingi 500. Daraja hujibu papo hapo na kukupa utambulisho wa ombi, CheckoutRequestID. Jibu hilo lina maana moja tu: ombi limepokelewa. Pesa bado haijasogea. Mteja anaona dirisha, anaweka PIN au anakataa, au simu inazimika. Matokeo yenyewe huja baadaye, kutoka seva za Safaricom kwenda anwani uliyoitoa, yakiwa na ResultCode: 0 ikiwa amelipa, 1032 ikiwa ameghairi.

Angalia pande mbili zinavyojipanga zenyewe hapo. Kivinjari cha mteja hakina anwani ambayo Safaricom inaweza kuipelekea matokeo, seva inayo. Funguo za siri zikiwekwa ndani ya faili la JavaScript, kila anayefungua tovuti amekabidhiwa. Na mfumo ulioandikwa uonyeshe “Umelipa” pindi jibu la kwanza linaporudi utatoa mbolea kwa mtu aliyebonyeza “ghairi.” Seva ndiyo ingoje matokeo, ilinganishe kiasi na nambari ya ombi, iulize hali ya muamala ikiwa kimya kimezidi, ndipo iandike kwamba bili imelipwa. Skrini kazi yake ni kusema “tunangoja” kwa lugha inayoeleweka.

Wenye maduka wa Nyeri walilijua hili kabla ya wanaprogramu. Walishaona ujumbe wa M-Pesa uliotungwa, na wakaacha kuamini simu ya mteja. Huangalia simu ya duka kwanza. Hiyo ndiyo kanuni nzima ya ukaguzi upande wa seva, na kijana wa kaunta anaifuata kila siku.

“Seva ndiyo huchezewa, data ikae kwa watu”

Kenya nzima ilijifunza neno “seva” mwaka 2017. Mahakama ya Juu iliamuru IEBC, tume ya uchaguzi, iruhusu seva zake zikaguliwe, haikuridhika na jinsi agizo lilivyotekelezwa, na tarehe 1 Septemba ikabatilisha uchaguzi wa urais. Tangu hapo, ukiwaambia wakulima kwamba kilo zao ziko kwenye seva, wapo wanaotazamana. Shaka yao ina sababu, na mwanaprogramu asiidharau.

Lakini kuitawanya rekodi kwenye simu za makarani hakuiponyi shaka hiyo. Chukua umbo la ushirika kama Gikanda wa Mathira, wenye viwanda vitatu, Gichathaini, Kangocho na Ndaroini. Kilo za viwanda vitatu lazima zikutane mahali fulani ili chama kijue kimeuza nini na kinadaiwa na nani. Zikibaki kwenye simu tatu, mwenye simu ndiye mwenye ukweli, na simu huibwa, huanguka majini, hubadilishwa.

Jibu lilionekana kwenye uchaguzi wa 2022. Vituo 46,229 vya kupigia kura vilijaza Fomu 34A za matokeo ya urais, nakala zikapatikana vituoni, picha zake zikapandishwa kwenye tovuti ya IEBC, na mtu yeyote aliweza kuzipakua na kujumlisha mwenyewe. Wenye mashaka walikwenda mahakamani tena, lakini safari hii hoja zao zilipimwa dhidi ya karatasi ambazo kila mtu alikuwa nazo. Seva ilikuwepo, kilichobadilika ni kwamba haikuwa peke yake. Kwa kahawa ni vivyo hivyo. Mkulima apewe risiti ya karatasi palepale mizanini, au ujumbe wa simu pimo linapofika ofisini, wenye kilo za leo na jumla ya msimu. Seva itunze kumbukumbu ya kila badiliko isiyofutika na msimamizi. Bei ya kilo ikivuka shilingi 100, kama ilivyotokea kwa vyama kadhaa vya Nyeri miaka ya karibuni, tofauti ya kilo tano ni pesa ya kuonekana, na mwenye risiti ana pa kuanzia anapodai.

“Haya ni ya wataalamu, kamati isijisumbue”

Kamati ya ushirika hukagua mizani kila msimu bila kusomea uhandisi. Inaweza kukagua mfumo wa wavuti kwa asubuhi moja. Mwiteni mwanaprogramu, na mleteni karani na simu yake mwenyewe, si ile ya mwanaprogramu. Zimeni data. Andikeni mapimo matatu. Izimeni simu, iwasheni, mwone kama mapimo bado yapo. Washeni data, tumeni, na kabla jibu halijarudi zimeni tena, kisha washeni mtume upya. Ofisini ziwepo rekodi tatu, si nne wala sita. Mwanachama wa kawaida aingie kwa nywila yake, abadilishe nambari kwenye anwani, mwone anaonyeshwa nini. Lipeni shilingi kumi kwa M-Pesa na mghairi katikati, msome skrini inasema nini.

Kisha ulizeni mambo ambayo hayako kwenye skrini. Seva iko wapi? Imekodishwa kwa jina la nani, la chama au la kijana? Nakala rudufu ilirejeshwa lini kwa majaribio, na nani alikuwepo? Anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa.

Na jaribio lisifanyiwe Nyeri mjini. Lifanyeni Novemba, kahawa ikiwa nyingi, katika kiwanda chenye mtandao dhaifu kuliko vyote, foleni ikiwa imefika langoni. Iandikeni hivyo kwenye mkataba, na awamu ya mwisho ya malipo ya mwanaprogramu isitoke kabla ya siku hiyo.